Njia ya Mpweke Haioti Nyasi

Njia ya mpweke haioti nyasi.

Shangazi yenu aliisema methali hii asubuhi ya leo, nanyi mkacheka. Mmoja wenu akauliza maana yake, na mwenzake akajibu bila hata kumeza mate, eti maana yake mtu anayekaa peke yake hupendwa sana na watu, ndiyo maana anatembelewa. Nilikuwa nachambua maharage, nikayaacha. Nimeisikia methali hii ikiharibiwa harusini, nimeisikia ikiharibiwa kanisani, sasa inaharibiwa jikoni kwangu. Nimechoka. Kaeni chini. Shikeni hayo maharage myachambue ninyi, maana masikio hayahitaji mikono.

Na kabla sijaanza, huyo kaka yenu Eliamani. Kaacha kazi yake mjini, kapanda hadi kwenye kile kibanda cha babu yenu pale ukingoni mwa msitu. Anasema dunia ina kelele, anataka maisha yasiyo na makuu, yeye na miti yake. Vizuri, simkatazi. Lakini alipanda Jumapili, na Jumanne simu ikalia: "Nakijwa, dada yangu, niletee mkaa." Mara chumvi. Mara betri za tochi. Leo anataka mtungi wa gesi! Nani ataubeba kupanda mlima ule? Miti? Kikapu chake kile pale mlangoni kimejaa, na cherehani ya Nakijwa imekaa wiki nzima chini ya khanga, sare za watoto wa watu hazijashonwa. Shangazi yenu alipoona hayo ndipo akaitamka methali. Hakuwa anamsifu mtu.

Methali yenyewe ilianza hivi.

Zamani, kabla barabara haijafika huku milimani Upare, palikuwa na ndugu wawili katika ukoo wetu. Mkubwa aliitwa Naghenjwa, mjane mwenye watoto wadogo. Mmoja wa watoto hao ndiye aliyekuja kuwa babu yangu, kwa hiyo habari hii sikuiokota njiani. Mdogo wake Naghenjwa aliitwa Senkoro. Alikuwa kapera, mtu mpole, mwenye maneno matamu.

Senkoro alichoka na watu. Vikao vya ukoo vilimchosha, ugomvi wa mipaka ulimchosha, hata vinu vya wanawake alfajiri vilimchosha. Siku moja akasema mbele ya watu, "Binadamu ana mgongo mmoja, lakini anajitafutia mizigo ya migongo kumi. Mimi nakwenda kukaa juu, kwenye lile jiwe kubwa, niishi na vichache." Watu wakatikisa vichwa, wakasema hayo ni maneno ya hekima. Nami siyapingi. Yalikuwa maneno ya hekima kweli, ila maneno ya hekima hayajawahi kuivisha chungu.

Kabla ya kupanda alizima moto wa jiko lake. Mafiga yake matatu akayabeba hadi kwa dada yake, akayaweka nyuma ya nyumba, akasema hayahitaji tena. Shikeni hapo, kwa sababu wengi wanaosimulia habari hii huliruka jambo hilo, kisha hadithi nzima inawachechemea. Kwa desturi ya wazee wetu, mtu alihesabiwa pale mafiga yake yalipo. Asiye na mafiga hana nyumba yake. Ni mtu wa nyumba alikoyaacha. Senkoro alidhani ametua mzigo, kumbe amemtwisha dada yake.

Huko juu alijenga kibanda kizuri, tusimnyime haki yake. Alijua ndege mmoja mmoja kwa sauti. Alijua nyuki wanakunywa maji saa ngapi na ukungu unaingia kwa mlango upi wa msitu. Alikaa juu ya jiwe lake asubuhi, akatazama mashamba yote ya bondeni yametandazwa chini yake, na moyo wake ukatulia. Hata mimi, nikiwa nimegombana na ninyi hapa, hutamani jiwe kama lile.

Lakini mtu hali ukungu. Mara ya kwanza mvua ilizima moto wake. Akasimama juu ya jiwe akaita, na Naghenjwa akapanda na kijinga cha moto. Alipofika akaona mdogo wake amekonda, kesho yake akapanda na unga. Unga bila chumvi hauliki, akapanda na chumvi. Baridi ikaja, akapanda na blanketi. Senkoro hakuwa akimwamuru, sivyo kabisa. Alikuwa akisema tu, "Dada, usijisumbue," huku akipokea. Pangu pakavu, tia mchuzi.

Na Naghenjwa naye! Mnadhani hasira zangu ni za Senkoro peke yake? Huyo mama wa babu yangu angekuwa hai leo ningemkalisha hapa. Hakupata hata siku moja kumwambia mdogo wake, "Nimechoka." Alimlea tangu mama yao alipofariki, na machoni pake bado alikuwa mtoto wa mgongoni. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Alipanda na kushuka, akapanda na kushuka, palizi la shamba lake likamngoja.

Sasa mnajua ndiva ni nini, au hilo nalo nieleze? Ni lile bwawa la ukoo kule juu ya mashamba, maji ya mto yanalala humo usiku, mchana yanafunguliwa kwa zamu, kila nyumba na siku yake. Ndiva hujaa tope. Likijaa tope, baragumu hupigwa, na watu wote hutoka kwenda kuzoa. Kazi hiyo ya wote ndiyo msaragambo. Kila nyumba hutoa kila mkono wenye nguvu. Nyumba isiyotoa mkono, zamu yake ya maji inasimama mpaka mkono huo utoke. Sheria ilikuwa hiyo, haikuandikwa mahali popote, na hakuna aliyesema haijui.

Miaka ya mvua nzuri, Senkoro asipotokea, Naghenjwa alifanya sehemu mbili. Wenzake wakishamaliza na kwenda kuoga, yeye alibaki topeni akizoa sehemu ya mdogo wake. Watu walimwona, wakamhurumia, wakanyamaza. Senkoro alilisikia baragumu kule juu, akasema linawashtua ndege.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mto ukawa mwembamba, na ukingo wa ndiva ukapasuka katikati. Sasa haikuwa tope tu, ilikuwa kubeba mawe na kushindilia udongo, kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya mara mbili. Baragumu likapigwa. Watu wakatoka wote, hata wazee wa mikongojo wakaja kuchagua mawe. Senkoro hakushuka.

Mlinzi wa ndiva alikuwa Mzee Mcharo, mtu mfupi, asiyependa maneno mengi. Ukingo ulipokuwa umeshikizwa na maji yameanza kukusanyika, akapanga zamu. Alipofika kwa Naghenjwa akairuka nyumba yake, na zamu zikazunguka kwa wengine siku kadhaa kabla Naghenjwa hajamfuata.

"Mzee Mcharo, na mimi?" akauliza Naghenjwa.

"Nyumba yako ina mkono ambao haukuonekana."

"Mkono gani? Siku ya baragumu mimi nilikuwepo tangu asubuhi, na watoto wangu ni wadogo."

"Mafiga ya Senkoro yako nyuma ya nyumba yako, mwanangu."

Naghenjwa akatazama shamba lake la maharage. Lilikuwa limeshatoa maua. Maharage yakikosa maji wakati wa maua, basi tena, utavuna majani ya kuwashia moto. Na maharage hayo ndiyo yalikuwa chakula cha watoto wake mpaka mvua za masika, hakukuwa na kingine. Akaona njia moja tu, akasema uongo.

"Mafiga ni mawe tu," akasema. "Yule si wa nyumba yangu. Anaishi peke yake, anajilisha mwenyewe. Mimi simjui kwa kula wala kwa kunywa."

"Haya," akasema Mzee Mcharo. "Sitabishana na mama wa watoto. Kesho tutakwenda kuiuliza njia. Ikiwa imeota nyasi, basi Senkoro anaishi peke yake kama usemavyo, na wewe utapata maji yako siku hiyo hiyo."

Mnaona akili hiyo? Hakutaka shahidi wala kiapo. Mtu anaweza kudanganya, na jirani anaweza kutetea, lakini njia ya mlimani isipokanyagwa inafunikwa na majani na kishona nguo kabla hujamaliza kuvuna, hata mwaka wa ukame, kwa sababu ya ukungu wa msitu.

Asubuhi wakaanza kupanda, Mzee Mcharo mbele, wazee wengine wawili katikati, Naghenjwa nyuma. Na hapa naomba mnisaidie, maana kila nikifika hapa damu inanichemka. Siku ya kwenda kuthibitisha kwamba hamlishi mdogo wake, mwanamke huyu alibeba nini chini ya shuka lake? Alibeba kikapu cha unga! Siku hiyo hiyo! Alipoulizwa baadaye alisema miguu ilikuwa imezoea, hakuweza kuikanyaga njia ile mikono mitupu.

Njia ilikuwa nyeupe. Ilikuwa pana na ngumu, imelainika kama sakafu iliyosiribwa. Kushoto na kulia nyasi zilifika magotini, katikati hapakuwa na hata unyasi mmoja.

"Naghenjwa," akasema Mzee Mcharo, "hii ni njia ya mtu anayeishi peke yake, au ni njia ya sokoni?"

"Nguruwe pori hupita hapa, mzee wangu."

Mzee Mcharo akainama, akagusa ardhi kwa kidole, akakiinua. Kidole kilikuwa na vumbi jeupe. "Nguruwe pori anayemwaga unga," akasema, akaendelea kupanda.

Senkoro aliwapokea kwa furaha. "Shikamooni, wazee wangu. Karibuni. Msizungumze kwa sauti tu, kuna ndege ameatamia hapo juu." Akawapa asali, akawakalisha. Alikuwa na siku nyingi bila wasikilizaji ila dada yake, kwa hiyo akaanza hekima zake.

"Nimegundua huku juu, wazee wangu, mtu anahitaji vitu vichache mno. Ninyi kule chini mnajitesa bure."

"Tufundishe," akasema Mzee Mcharo. "Vitu gani?"

"Moto kidogo. Unga kidogo. Chumvi kidogo. Na cha kujifunika baridi ikija."

"Huo moto umeutoa wapi?"

"Dada alileta kijinga."

"Unga?"

"Dada."

"Chumvi?"

Senkoro akaanza kusita. "Dada pia."

"Na blanketi hilo sikuulizi," akasema Mzee Mcharo. "Basi mtu anahitaji kitu kimoja tu. Dada."

Wazee wawili wakacheka. Senkoro naye akacheka, maana alidhani ni utani. Kisha, ili aondoe mazungumzo hapo, akamshika dada yake mkono akampandisha juu ya jiwe, wazee wakafuata. Bonde lote lilikuwa chini yao. Mashamba yaliyopata zamu yalikuwa ya kijani, na katikati yake palikuwa na kipande kimoja cha njano.

"Tazameni uzuri huo," akasema Senkoro. "Kile kipande cha njano pale katikati, mnakiona? Wiki iliyopita hakikuwepo. Sasa kila asubuhi nakitazama kikizidi kung'aa. Nani kule chini anayekiona? Hakuna. Mnakanyagana tu. Dada, umewahi kuona kitu kizuri kama kile?"

Naghenjwa akatoa kikapu chini ya shuka, akakiweka juu ya jiwe.

"Senkoro," akasema, "yale ni maharage yangu."

"Yapi?"

"Hayo ya njano. Hayo unayoyatazama kila asubuhi moyo wako ukatulia. Ni maharage yangu yanakufa. Ni chakula cha wanangu. Yanakufa kwa sababu baragumu lilipigwa na wewe ukawahurumia ndege. Nimekosa zamu kwa ajili yako. Nimezoa tope lako miaka yote hii. Nimesema uongo kwa ajili yako, jana, mbele ya watu wazima. Na leo nimekuletea unga, mimi mjinga, unga wa mwisho wa watoto wangu, ili upate nguvu za kuyatazama maharage yangu yakifa!"

Senkoro akasema kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia, dada?"

"Ulisema umechoka na habari za kule chini."

Yule ndege aliyekuwa ameatamia alikuwa amesharuka, kwa zile kelele.

Mzee Mcharo akashuka kutoka kwenye jiwe taratibu, akishikilia goti. Alisikitika, lakini zamu ya maji haitolewi kwa masikitiko, kwa sababu ukimpa mmoja kwa huruma, kesho wote wana jambo la kuhurumiwa. Akasema, "Nimeiuliza njia, nayo imejibu. Njia ya mpweke haioti nyasi. Huyu ni mtu wa nyumba yako, Naghenjwa, na mkono wake haukutoka. Maji sina."

Naghenjwa akakiinua kikapu chake, akajitwika, akashuka nacho kama kilivyokuja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kikapu kile kuteremka kikiwa kimejaa. Senkoro alikisindikiza kwa macho mpaka kikapotelea kwenye miti, kisha akageuka akakitazama kile kipande cha njano. Uzuri wake ulikuwa umekwisha.

Kulipopambazuka, watu waliokuwa wakimalizia ukingo wa ndiva walimwona mtu anateremka. Jembe hakuwa nalo, alishaligawa siku aliyohama. Akaingia topeni hivyo hivyo, akaanza kubeba mawe kwa mikono. Watu walimtania mpaka basi. "Angalia usiwashtue vyura!" Viganja vyake vilikuwa vimelainika kwa kukaa, vikachubuka, akavifunga majani ya mgomba akaendelea. Jioni Mzee Mcharo akapita, akautazama ukingo, akavitazama viganja.

"Mkono umetoka," akasema. Akaenda mwenyewe kufungua maji kwenye mfereji wa Naghenjwa.

Nisiwadanganye, maharage hayakupona yote. Mistari ya juu ilikuwa imekwisha, iling'olewa ikawa kuni. Ya chini, karibu na mfereji, iliinua vichwa. Watoto walikula mpaka masika, ingawa walikula kidogo, na babu yangu alikuwa akisema mpaka uzeeni kwamba aliujua uzito wa harage moja moja.

Baada ya hapo Senkoro akaenda nyuma ya nyumba ya dada yake. "Dada, naomba mafiga yangu."

Naghenjwa akaacha ufagio. Uso wake ukachangamka. "Unarudi nyumbani?"

"Hapana. Nayapandisha."

Naghenjwa akataka kulia, kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamwachia mdogo wake jambo lake. Hakumsaidia kubeba hata figa moja. Alikaa kizingitini akamtazama akipanda na la kwanza, akishuka akihema, akipanda na la pili. Figa moja haliinjiki chungu, wala mawili, kwa hiyo alirudi na la tatu.

Tangu hapo Senkoro aliishi juu kwenye jiwe lake maisha yake yote. Mnashangaa? Mlitaka ashuke, akome, alie? Kukaa huko hakukuwa kosa. Lakini sasa alikuwa na mafiga, akawa nyumba, akahesabiwa. Alilima mahindi yake. Chumvi aliifuata mwenyewe, akiilipia kwa asali. Baragumu likipigwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na hakusema tena habari za ndege.

Na ile njia? Watu walidhani sasa itaota nyasi, maana Naghenjwa hakuikanyaga tena ila siku za kumsalimia, mikono mitupu. Haikuota. Ilibaki nyeupe vile vile, isipokuwa sasa ni nyayo za Senkoro zilizoikwangua, akishuka na kupanda. Ndiyo methali yenyewe hiyo. Hakuna mtu anayeishi peke yake, wanangu, hata angehamia mawinguni. Njia yake itakanyagwa tu. Kama haikanyagi yeye, kuna mtu anayemkanyagia, na huyo mtu ana shamba lake mahali fulani linageuka njano.

Haya. Maharage mmechambua? Mmechambua nini, mawe yote bado yamo humu! Nakijwa, kaa chini. Nani amekuambia uinuke? Kile kikapu kiache hapo hapo mlangoni, na huo mtungi wa gesi usiuguse. Toa khanga juu ya cherehani yako ushone sare za watu. Simu ikilia, nipe mimi. Nitamwambia huyo kaka yako kwamba nafurahi amepata utulivu, na kwamba mlango wetu uko wazi, na kikapu chake kipo, aje akibebe.

Akiuliza kwa nini, nitamjibu kwa maneno matano tu, na safari hii asithubutu mtu kucheka: njia ya mpweke haioti nyasi.